Mbuzi wa Kapela

Mwezi wa saba, Bukene. Kipupwe kimeikalia mbuga
kama mgeni asiyejua kuaga.
Ng'ombe wanatoa moshi puani,
nami naota moto wa samadi, khanga mbili mabegani,
nahesabu. Kumi na moja. Jana kumi na moja.
Asante, namba, kwa kugoma kushuka.

Nyuma ya nyumba ipo ngitili,
ekari nne hazijaonja ulimi tangu masika,
nyasi zimekauka zikiwa wima,
rangi ya chai ya maziwa iliyopoa.
Hakuna waya, hakuna ukuta.
Ipo migunga minne, mmoja kila pembe,
na neno la baba, alilolisema mara moja
kisha akafa:
haifunguliwi
mpaka mbuga ya wote ionyeshe udongo.

Wenye nguvu wamekwenda Manonga na Luhende.
Walibaki vikongwe, vilema, na Bendera,
aliyezaa kabla ya siku zake,
kiwele kikanywea kama soksi.

Usiku ule hakuinuka.
Nilimsukuma kwa goti, nikamwita, nikamtukana.
Nikachukua mundu.
Mimi, Nshoma, niliyemtoza Kapela mbuzi mwaka jana
kwa fahali wake kuvuka kivuli cha mgunga!
Nyasi ikikatwa gizani hupiga kelele,
utadhani mtu anachana shuka la mgonjwa.
Mzigo mmoja tu.
Mmoja, na mwingine mdogo.

Kulipokucha, ngitili ilikuwa na upara.

Alhamisi, kwenye dagashida, walikuwa bado wanazungumzia lambo
nikasimama nikasema, maana michembe ilinikwama kooni
siku tatu, na uji pia.
Kapela alicheka mpaka akakohoa,
akajifuta macho kwa ukingo wa kofia.
"Faini ni faini, mama. Mbuzi.
Na awe yule yule wangu, wa pembe moja."

Nikampeleka mwenyewe, kwa kamba.
Amenenepa, akasema Kapela, akimpapasa mbavu.
Kwako amekula vizuri.
Sikujua kama hayo ni matusi.

Bendera amesimama. Ndama anaugonga ule ukiwele
kama mwenye nyumba anayedai kodi,
na yapo matone.

Majuma matatu bado.
Kila nipitapo nauona ule upara,
na ng'ombe wanauona,
tunatazamana,
tunaendelea kutafuna tulichonacho.