Kofia Msumarini

Mzungu wa shamba hatukumtafutia mwigizaji.
Tulitundika kofia yake msumarini, kulia mwa jukwaa,
ikatosha.
Kila aliyepita chini yake aliinama kidogo,
hata Ndosi, fundi wa taa, ambaye hakuwamo igizoni.

Mimi kazi yangu ilikuwa kunong'ona.
Niliketi nyuma ya pazia na tochi na daftari,
magunia ya kahawa ya kuazima yakininukia,
nikingoja mtu asahau.

Mvua ya Moshi ilianza onyesho la pili.
Mabati yakameza nusu ya maneno
lakini viatu watu waliviona:
vyeusi, vipya, miguuni mwa Ndetaulwa
ambaye juzi tu alikuwa pekupeku kama wenzake,
juzi tu wakigawana ndizi moja ya kuchoma
yeye na Kilawe, mgongo kwa mgongo kwenye mibuni.

"Nani kakuvisha?"
Kilawe aliuliza hivyo, polepole,
na ukumbi uliokuwa ukicheka ukaacha.
Maana usiku ule walichukuliwa watu watatu kambini
na kaka yake Kilawe alikuwa wa tatu.

Jibu lilikuwa neno moja. Nililipigia mstari mwekundu.
Ndetaulwa akatazama kofia. Akatazama viatu.
Nikanong'ona: Sikumtaja.
Nikanong'ona tena, safu ya mbele wakanisikia,
mama mmoja akafoka, "Si umjibu mwenzako!"
Hakujibu.

Baadaye, tukila mtori karibu na stesheni,
aliniambia hakusahau.
Babu yake, kule Kibosho, alilisema neno hilo miaka arobaini,
kilabuni, kanisani, matangani,
na kata ya mbege ikamruka vilevile.
"Lilinijia mdomoni," alisema, "nikalikuta limechakaa."

Daftarini, hapo Kilawe anakwenda mezani,
anachukua jani la isale, anampa mwenzake. Pazia.
Jani lilikuwepo, bichi,
nililichuma mwenyewe uani kwetu Kiboriloni.
Hakuligusa.
Alipiga magoti, akaanza kumfungua kamba za viatu.
Fundo la kushoto lilimshinda,
akatumia meno.

Hakuna aliyepiga makofi. Mvua tu.
Hata leo sijui kama alikuwa akimsamehe
au akitafuta kwenye soli
jina la aliyevinunua.

Tulipofungasha, kila mtu alibeba chake:
magunia, taa, ile meza yenye mguu mmoja mfupi.
Kofia, "ichukue wewe," "aa, chukua wewe,"
ikabaki msumarini.

Asubuhi mlinzi wa ukumbi akapiga simu.
Kuna kofia hapa, ni ya nani?
Nami, kabla hata sijafikiri,
nikataja mtu.