Milimita Kumi na Moja

Bachisio ameagiza springi mpya kutoka Torino,
fupi, ngumu, za manjano kama kiini cha yai,
na shokomzoba nne zenye kidude cha kuzungusha:
kushoto laini, kulia kavu.
Gari lina miaka hamsini na miwili.
Mimi nina arobaini na tisa, wala hakuna aliyeniagizia kitu.

Tumelipandisha kwenye stendi ndani ya ghala la unga,
mlango wazi, Orgosolo nzima ikipita na kutoa ushauri.
Boliti ya mkono wa chini imekataa.
Tukaipaka mafuta, tukaipa usiku mzima ifikiri.
Asubuhi ikakataa tena.
Bachisio akaichomea moto, akaitukana kwa Kisardo,
maana Kiitaliano hakina matusi ya chuma,
ndipo ikalia, ikaachia.

Springi iliyobanwa usiisimamie mbele.
Baba alituambia hivyo kabla hatujajua kusoma:
imemeza hasira ya gari zima,
ukiifungua kwa pupa
itakutafuta.
Basi tukashusha jeki unywele kwa unywele,
kimya, kama unavyomwondoa mtoto aliyelala kifuani.

Za zamani tukazisimamisha mezani, bega kwa bega.
Bushi zilikuwa zimepasuka kama visigino vya kiangazi,
hilo tulilitarajia.
Lakini springi ya kushoto ilikuwa fupi.
Bachisio akapima. Akafuta rula kwa kiganja, akapima tena.
Milimita kumi na moja.

Upande wa dereva.
Kilo tisini na sita, bila kofia,
kila alfajiri baada ya kuutoa mkate tanurini,
kona zote hadi Mamoiada na kurudi,
redio imezimwa,
mara nyingine nami kando, nusu usingizini,
nikiteleza kidogo kuelekea kwake.
Miaka thelathini na minane.

Husemwa asiyekuwepo na lake halipo.
Lake lilikuwepo, mezani,
kati ya koleo na kikombe cha kahawa.

Bachisio alikwenda kunawa mikono
akakawia huko kuliko grisi ilivyohitaji.

Za manjano tukazitia. Siku ya kwanza
gari liliruka kila shimo kama mbuzi aliyeona nyoka.
Lilikata kona kwa kisu, ni kweli,
ila meno yangu yaligongana hadi nyumbani,
na mama, aliyekubali kupanda hadi kanisani tu,
akashuka akisema: "Mmelifundisha jeuri."

Tukalegeza shokomzoba. Mibofyo mitatu nyuma,
miwili mbele. Jaribu. Rudi. Mmoja zaidi.
Kisha mizani nne za kupimia magunia,
mbili zetu, mbili za kuazima,
moja chini ya kila tairi
(ya Billia huongopa kilo mbili, kila mtu anajua),
na kwenye kiti cha dereva gunia la unga
badala ya mtu.

"Tuweke kilo ngapi?" Bachisio akauliza,
macho yake kwenye mizani.
Gari hupimwa kwa atakayeliendesha.
Kata ilikuwa mkononi mwangu.
Tisini na sita, ulimi ulikwisha kulishika neno.
"Hamsini na saba," nikasema,
nikaongeza moja, kwa ajili ya koti.

Springi kuukuu ya kushoto sasa inazuia mlango wa ghala.
Ile ya kulia Bachisio aliiuza kwa mnunuzi wa vyuma,
akaleta jibini.

Leo alfajiri nimekwenda peke yangu.
Kwenye kona ya nne, pale mizizi ya mwaloni imeivimbisha lami,
mwili wangu ukalala kushoto wenyewe,
bila kuniuliza.
Gari halikulala.
Lilipita wima, matairi yote manne yakiishika barabara,
nami ndani yake nimepinda
kama mtu anayesikiliza ukutani.

Kesho nitaongeza mbofyo mmoja.
Au nitapunguza.