Sahihi

Desemba, Arua. Duka la nakala na kalamu,
nyuma ya stendi, mlango wa bati la buluu.
Kompyuta moja, printa inayokohoa,
na mimi, Fadhila wa mtaa wa Oli.
Wananiita Bi Ritani,
ingawa cheti changu ni cha kupiga chapa.

Wanakuja na maswali wameyakunja mfukoni
pamoja na risiti zilizofuliwa na suruali.

Mwalimu Onzima:
"Mshahara hukatwa kabla sijaunusa.
Nijaze nini tena?"
Kama mwajiri ni mmoja na huna kingine,
namwambia, nenda ukapumzike.
Hasogei.
"Na vile vyumba viwili vya uani?"
Vya nani?
"Wanakaa vijana wa bodaboda. Wananipa kodi."
Hapo ndipo Kiswahili kinapotucheka:
kodi unayopokea, kodi unayodaiwa,
neno moja, mifuko miwili.
Anaitazama printa kana kwamba ndiyo iliyomshitaki.

Candiru, muuza vitenge,
kidole kilimnenea kwenye sifuri.
Milioni nne zikawa arobaini,
na mfumo ukamhesabia kodi ya mwenye malori.
"Nimelala maskini, nimeamka tajiri," anasema.
Hacheki.
Inarekebishika?
Inarekebishika. Fungua ile ile, chagua *rekebisha*,
usianze mpya juu ya ya zamani
kama anayepaka rangi juu ya ukungu.
Lete daftari.
Daftari limeandikwa Kilugbara,
wadeni wote kwa majina ya utani:
Yule wa Meno, Mama Pacha, Jirani wa Kanisa.
Tukawahesabu mmoja mmoja
hadi adhana ya alasiri,
na Yule wa Meno bado anadaiwa.

Drijaru alikuja na simu mbili.
Moja yake. Ya pili ikatetemeka mezani:
*Mpendwa mlipakodi, ritani yako haijawasilishwa.*
"Tumemzika Ediofe tangu Agosti," akasema,
"na bado anaitwa mpendwa."
Swali lake lilikuwa fupi:
nani atie sahihi?
Nikamtajia makaratasi: cheti cha kifo,
barua ya usimamizi wa mirathi,
aende dirishani mwenyewe, ya mwisho ijazwe,
kisha namba ya marehemu ifungwe.
"Ifungwe," akarudia, akilionja lile neno.
Halafu akauliza lisilo na kisanduku:
"Wakishaifunga, na simu itanyamaza?"
Sikumtoza ushauri.
Nilimtoza nakala mbili, shilingi mia nne.

Jioni nikateremsha bati nusu.
Ya kwangu ya mwaka jana iko pale,
sifuri tupu, mviringo mzuri kama yai la kware,
niliyoiandika nikijua.
Mwaka mzima nawauliza watu "na kingine?",
mwenyewe sikujiuliza.

Nakala. Picha za pasipoti. Barua za kuomba kazi.
Ritani za watu, elfu kumi kumi.
Nilijumlisha mara tatu, nikapata majibu matatu.
Nikachagua la kati.
Nikaona haya, nikachagua kubwa.

Chini kabisa kuna kisanduku:
*Sababu ya marekebisho.*
Lugha hii tena! Sahihi ni mkono wa mtu kwenye karatasi,
sahihi ni lisilo na kosa,
na aliyeyalaza maneno hayo kitanda kimoja
hakuwahi kukaa kwenye kiti changu mwezi wa kumi na mbili.

Nikaandika: *Nilisahau.*
Nikafuta.
Nikaandika: *Niliogopa faini.*
Umeme ukakatika.

Printa ikakohoa mara moja gizani, ikatulia.
Nje mtu akagonga bati:
"Fadhila, una mshumaa?"
Ninao. Mia tano.
Nikapokea sarafu kwa kupapasa,
na kabla haijashika joto la kiganja
nikawa natafuta kalamu,
maana na hii nayo, nadhani,
huandikwa.