Kisima Kinachokataa Sabuni

Mwezi wa tisa, Lubumbashi. Vumbi jekundu
mpaka kwenye kope.
Nimebeba chupa arobaini, kalamu isiyofutika,
kamba yenye fundo kila mita.

Nashusha kamba, nahesabu mafundo.
Kisima cha kumi na saba: mita kumi na nne, choo hatua tisa.
Cha kumi na nane: mfuniko wa bati, chura mmoja, hai.
Cha kumi na tisa ni cha Mama Musonda.

"Maji yangu iko mutamu," anasema,
"onja kwanza, ndio uandike."
Naonja. Kweli.
Maji ya kumpa mgeni,
maangavu, sarafu ikizama unausoma mwaka wake.
Foleni ya bidoni inapinda kona mpaka kwa mshona viatu.

Kwa Chola hakuna foleni.
Chai ya maji yake huota ngozi,
sabuni unaisugua mpaka iishe, povu halitoki.
Wanasema kisima kimerithi roho ya mwenyewe.
Pale nilijaza chupa kutimiza hesabu tu.

Majibu yalirudi kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne.

Metali haina ladha.
Ilishuka kutoka lundo la mabaki ya shaba,
masika baada ya masika, chini ya nyua zetu,
haikumbishia mtu hodi,
ikafika kwa Mama Musonda, ikakaa.
Kwa Chola, chokaa tu:
mwamba mweupe, mkaidi, usiopokea wageni.

Usiku nikachora. Nukta ya bluu, haraka.
Ile nyekundu, mkono ulisita juu ya karatasi
mpaka mshumaa ukapungua kidole kizima.
Maji hufuata mkondo, tulifundishwa.
Mkondo wenyewe hatukuonyeshwa.

Asubuhi nilimweleza. Hakubisha.
Alichota kikombe, akanywa chote, akinitazama.
"Sita nimewalea kwa haya," akasema,
akakifunika kikombe juu ya kigingi, taratibu,
kama anayefunika macho ya mtu.

Siku ya nne nikamwona kwa Chola, bidoni mbili,
hawasalimiani. Chola anavuta kamba,
yeye anashika mdomo wa bidoni usimwage.

Birika langu sasa lina ukoko mweupe ndani.
Naukwaruza kwa kijiko, unabanduka vipande vipande,
kila kimoja na pwani zake, na mito yake.
Nakunywa chai yenye ngozi.
Visima mia na mbili bado.