Kidonge cha Manjano

Kipandauso hakibishi hodi kwa Tuulikki.
Huanza na ufa mdogo katikati ya herufi,
kisha meno ya msumeno yanayomeremeta
pembeni mwa jicho la kushoto,
na mwanga wa theluji ya Kuopio
unageuka sindano.

Ndipo navuta pazia,
natoa betri ya saa ya ukutani,
nazima jokofu lisingurume.
Twanyata kama wezi ndani ya nyumba yetu.

Daktari Hyvönen hakuahidi kitu.
"Vitamini B2 asubuhi, magnesiamu usiku.
Usiniulize kabla ya miezi mitatu.
Wapo wanaosaidika. Wapo wasiosaidika."

Siku ya kwanza alicheka, sauti ikitokea chooni:
"Njoo uone! Nakojoa rangi ya jua!"
Nasi Januari ile
jua tulikuwa tunalidai.

Kalenda mlangoni mwa jokofu,
kalamu ya risasi imefungwa kwa uzi.
Januari, misalaba tisa.
Februari, tisa.
Nilitaka kuvitupa. Hakunijibu;
alimeza, akashushia maji.
Machi, saba.
Aprili, minne,
na mmoja wa hiyo minne ulimwangusha
siku ya harusi ya dada yake,
viatu vipya mkononi.

Sijui kama ni kidonge,
au barafu ya ziwa kuyeyuka,
au kuacha kwake zamu za usiku kiwandani.
Tuulikki naye hajui, wala haulizi.

Leo saa ya ukutani ina betri.
Tunaiacha itafune dakika zake.