Kigae cha Tumboni

Titusville, Florida

Waliniajiri kwa sababu ya vidole.
Nilikuwa nafunga keki dukani kwa Bibi Haverkamp,
nakunja karatasi bila kugusa sukari,
na Lyle Oxendine, msimamizi wa zamu, akasimama kaunta
akiitazama mikono yangu kuliko keki aliyonunua.
"Unaogopa kazi ya usiku?"
Sikuogopa. Nilikuwa na deni la gari.

Usiku wa kwanza akaniwekea kigae kiganjani,
chepesi kama mkate wa juzi.
"Mchanga," alisema. "Mchanga uliojaa hewa."
Akakitia tanuri mpaka kikawa chekundu,
akakitoa, akaniambia nikishike kwa pembe.
Moyo unawaka, pembe zimepoa.
Nikawaza: nawajua watu wa namna hii.

Elfu thelathini na ushei, na hakuna pacha.
Kila kimoja na namba yake, kitako chake, mpindo wake.
Siku njema nilibandika viwili.
Siku mbaya nilibandua vitatu vya jana
kwa kuwa kipimo kimevuta, na gundi imesema kweli.
Hesabu hiyo pigeni wenyewe.
Mwaka ukapita, na mwingine.
Kanisani watu wakaniuliza, kwa upole unaouma,
kama chombo kile kitaruka
au tunakijengea kaburi la vigae.

Januari baridi ikashukia michungwa ya baba.
Alikesha akiimwagia maji
kila chungwa livae koti la barafu,
ganda la nje ligande, utamu wa ndani upone.
Nikamwambia, baba, mimi na wewe kazi yetu moja.
Hakucheka. Asubuhi alikuwa amepoteza nusu ya shamba.

Aprili kikaruka.
Sauti haikuja masikioni, ilikuja kifuani,
na kioo cha jikoni kikapata ufa ambao sijauziba.
Jioni, kwenye runinga ya duka la kufulia,
wakafungua milango ya mgongo, kamera ikageuka mkiani:
mapengo.
Mapengo, kama mtoto wa miaka saba anayecheka.
Mtangazaji akasema pale si mahali pa hatari.
Sawa. Lakini tumboni hakuna kamera.
Tumboni ndiko kilikokuwa changu,
namba niijuayo kuliko simu ya mama yangu.
Mle ndani watu wawili,
na kati yao na moto, vidole vyangu.
Siku mbili sikula kitu chenye umbo la mraba.

Kikashuka kwenye ziwa kavu la California,
bila injini, kwa uzito wake tu,
kikarudishwa kwetu mgongoni mwa ndege kubwa
kama mtoto aliyegoma kutembea.
Lyle akanipa tochi. Nikalala chali chini yake.
Kilikuwepo.
Kimepauka ukingoni, kimepata kovu jembamba
kama mkwaruzo wa paka.
Nikakiambia kitu. Sisemi nini.

Novemba chombo kilekile kikaruka tena.
Baa ya Dutch Pelletier hawakuacha hata mchezo wa meza,
mmoja tu alitoka nje na bia yake.
Mimi nililia siku hiyo, si ile ya kwanza.
Kwenda mara moja, hata jiwe huenda ukilirusha vizuri.
Lakini kurudi, kufutwa masizi,
kuguswa kila kovu na mtu anayejua lilikotoka,
kisha kwenda tena kulekule kwenye moto:
hilo sikuwa nimeliona likifanywa
na chochote kisicho na damu.

Safari ya tatu ilinikuta nafua.
Sikutoka.
Nilingoja dirisha liache kutetemeka,
nikaokota shuka,
nikaendelea kukunja, pembe kwa pembe.