Fundi wa Mvua

Kaka yangu Kilua akipiga simu kutoka Muheza
huuliza mambo matatu: baridi, pesa, kijana.
Baridi ipo. Pesa hupita. Kijana anasoma kompyuta.
Neno hilo nimelivaa miaka minne kama kanga ya kuazima:
halinitoshi ubavuni, lakini linasitiri.

Maana ningesemaje? Kwamba nageuza na kuosha wazee wa watu,
zamu ya usiku, mji wa Dundee, mikono ikinuka dawa,
ili Mhina wangu asomee gemu?
Kwetu gemu ni kibanda nyuma ya soko,
shilingi mia mbili, watoro wa shule,
na mama mlangoni na fimbo.
Nilimwambia: mzaha mzaha hutumbua usaha.
Akaniuliza usaha ni nini.

Mwezi wa pili akapata kazi,
ghorofa ya tatu, jengo la mawe lililokuwa kiwanda cha juti.
Kazi gani? Nikasubiri neno lenye tai shingoni.
"Mvua," akasema. "Miezi sita, mimi ni mvua tu."
Nikatazama dirishani.
Dundee ilikuwa inanyesha bure.

Nikampelekea Bi Ishbel habari hiyo pamoja na vidonge vyake.
Ana miaka themanini na saba. Masikio aliyaacha kwenye mashine za kufuma
kabla hajatimiza ishirini,
kwa hiyo tunaongea kwa midomo na vidole.
Alicheka hadi meno yakasogea.
Akasema alipoiacha juti akaenda kuunda saa,
mama yake hakumsemesha tangu Pasaka hadi mavuno ya viazi:
saa si kazi, kazi hukuachia vumbi kooni.
Kisha akaniuliza kama nimeleta chai.
Nilikuwa nimeileta.
Akaniuliza tena.

Baba yangu alikata mkonge.
Vidole vyake havikukunjika ngumi hata siku ya hasira.
Alitaka niwe karani, kazi ya kivulini, kalamu sikioni.
Sikuwa.

Jumapili Mhina akaja na daftari, bila nguo za kufua.
"Mama, mvua ya kwenye bati huanzaje?"
Miaka minne katika nchi hii
sijaulizwa kitu ninachokijua.
Nikamwambia: kwanza kuku huondoka uani.
Vumbi hunukia kabla halijalowa.
Tone moja, kama mtu karusha kokoto,
unasubiri la pili hadi unalisahau.
Halafu mwalimu anafungua mdomo na neno halitoki,
na darasa zima linashukuru Mungu.
Aliandika kasi, ulimi nje,
kama babu yake akihesabu matita.

Jana alinipa kile kidude nikishike.
Nikampeleka mtu wangu ukutani. Ukutani tena. Mtaroni.
"Bonyeza kulia, mama."
Palikuwa na kibaraza chenye bati. Nikamsimamisha hapo.
Sikuua mtu, sikuokota sarafu.
Nilisikiliza.
"Umekosea," nikasema. "Ikikatika, haikatiki.
Ndoo bado inapokea, tone, tone, hadi usiku,
na watu wanategeana nani akaimwage."
Akakunja uso kama mtu aliyefelishwa. Akaandika.
Kuhusu pensheni sijamuuliza. Nitamuuliza.

Leo Kilua kapiga. Baridi, pesa, kijana.
Nikaivua ile kanga ya kuazima.
"Anatengeneza mvua," nikasema.
Simu ikanyamaza, nikadhani salio limemwishia.
"Huku mahindi yamekaukia magotini," akasema polepole.
"Gunia moja la hiyo mvua
ni shilingi ngapi?"
Na sauti yake, kaka yangu niliyekua naye,
sikuweza kujua kama anatania.